Ramani ya World-e haina kitu: je, kuna wa kuifungua?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza viazi hapa Uyole, Mbeya. Mdogo wangu alirudi kutoka Marekani mwezi wa kumi na mbili akamletea mwanangu wa miaka 11 Game Boy Advance SP iliyotumika, pamoja na kaseti ya Super Mario Advance 4. Mtoto kacheza mpaka kamaliza dunia zote 8. Sasa ameona mahali pameandikwa World-e, na akiingia hakuna steji hata moja. Anasema hizo ni steji za siri na kuna kifaa maalumu cha kuzifungulia. Kijana mmoja wa banda la gemu Mwanjelwa amesema atazifungua kwa shilingi 30,000. Rafiki yake wa shuleni naye ana kaseti ya gemu hiyohiyo, ila kila akizima mashine anaanza upya. Naomba unieleze kama kuna ukweli, na kama kifaa hicho nitakipata. — Mama wa Uyole

JIBU: Marahaba mama, na kamwene kutoka Iringa.

Mwanao amesema kweli. Hatua hizo zipo, ni 38, na zilitengenezwa na Nintendo wenyewe. Kifaa nacho kipo, kinaitwa e-Reader. Neno moja tu ndilo limekaa vibaya, nalo ndilo linaloweza kukugharimu hiyo elfu thelathini: neno "kufungua". Hatua za World-e hazikufungiwa ndani ya kaseti ya mwanao. Hazimo kabisa. Ukiichukua kaseti hiyo ukaichimba mpaka herufi ya mwisho, hutazikuta humo.

Wewe unauza viazi, kwa hiyo nitasema hivi. Ghala likiwa limejaa na mlango umefungwa, anayehitajika ni mwenye ufunguo. Ghala likiwa tupu, hata uje na funguo mia, viazi havitatokea; lazima mtu ayalete magunia. World-e ni ghala tupu. Magunia ni kadi.

Nieleze jinsi kadi hizo zilivyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapa hakuna atakayekudanganya tena.

Mwaka 2001 Nintendo walitoa Japani kifaa cha kuchomeka kwenye Game Boy Advance, mahali palepale panapoingia kaseti. Marekani kilifika Septemba 2002. Kwa juu kina mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo kuna taa ndogo na jicho la kamera. Kadi zake ni za karatasi ngumu, ukubwa wa karata za kuchezea, na pembeni ya kadi kuna ukanda wa kijivu. Ukiutazama kwa macho ya kawaida utadhani ni wino uliofifia. Ukiweka kioo cha kukuzia unaona maelfu ya nukta nyeusi, ndogo kuliko vumbi la unga. Nukta hizo ni data. Ni teknolojia ya kampuni ya Olympus ya Japani, wale watengenezaji wa kamera. Ukanda mrefu mmoja unabeba baiti 2,112, na ule mfupi baiti 1,344.

Baiti 2,112 ni kitu gani? Ni kama herufi elfu mbili na kidogo, yaani ukurasa mmoja wa daftari ulioandikwa ukajaa. Na ndani ya ukurasa huo mmoja wameweka hatua nzima ya Mario: mabomba, matofali, mashimo, maadui, sarafu, mlango wa kutokea.

Mimi nina miaka mingi nafungua na kufunga mashine hizi, na jambo hili bado linanifurahisha kila nikilifikiria. Liliwezekana kwa sababu kadi haibebi picha wala sauti. Picha ya tofali, mwendo wa kobe, muziki, sheria ya Mario anaruka kiasi gani, vyote hivyo vimo ndani ya kaseti tayari. Kadi inabeba maelekezo tu: hapa weka bomba lenye urefu huu, pale panga matofali matano, kule mbele simamisha kobe mwekundu. Ni kama fundi mwashi aliye na mchanga, saruji na tofali zake zote kiwanjani, akisubiri mtu amletee karatasi ya ramani. Karatasi ni nyepesi, lakini bila hiyo hakuna nyumba.

Kwa kulinganisha, mwanao akikua atakutana na vile visanamu vinavyoitwa amiibo, unavigusisha kwenye mashine na gemu linaongeza kitu. Chipu iliyo ndani ya kisanamu hicho ina baiti 540, kama ujumbe mfupi wa simu tatu na nusu. Hapo hakuna nafasi ya kubeba hatua. Kwenye Metroid: Samus Returns ya mwaka 2017, kwa mfano, kisanamu cha Metroid kinafungua kiwango kigumu zaidi cha mchezo, na kiwango hicho tayari kimo kwenye gemu uliyonunua. Vivyo hivyo Mega Man ZX ya Nintendo DS: ukiweka kaseti ya Mega Man Zero 3 au Zero 4 kwenye tundu la chini la DS, wanatokea majitu wa gemu hizo za zamani upigane nao. Huo ni ufunguo na ghala lililojaa. Kwa gemu za namna hiyo, kijana mwenye ujuzi anaweza kweli "kufungua". Ninaamini kijana wa Mwanjelwa anazifikiria hizo. Super Mario Advance 4 ni jambo jingine.

Sasa, ndani ya kadi hizo mlikuwa na nini? Kulikuwa na kadi za hatua, ndizo anazozitaka mwanao. Kulikuwa na za kumpa Mario nguvu kabla ya kuanza, na za kuonyesha mchezaji hodari akipita hatua ili ujifunze. Nyingine zilibadilisha kanuni za mchezo wenyewe. Hatua za World-e zina vitu ambavyo dunia zile 8 hazina hata kidogo. Mario anavaa joho la kurukia alilokuwa nalo kwenye Super Mario World. Anang'oa mboga ardhini na kuwarushia maadui, kama kwenye Super Mario Bros. 2. Anarusha bumerangi. Zimefichwa sarafu kubwa zenye herufi A, na kuna hatua za Super Mario Bros. ya mwaka 1985 zilizochorwa upya, ikiwemo ile 1-1 ambayo wengi wetu tuliijua kwenye TV gemu za kuunganisha na televisheni ya jirani. Ni kazi iliyofanywa kwa moyo. Ndiyo maana nasikitika kwamba wachezaji wengi walionunua kaseti hii mwaka 2003 hawajawahi kuiona hata hatua moja kati ya hizo 38.

Hawakuziona kwa sababu njia ya kuzifikia ilikuwa nzito. Game Boy Advance ina tundu moja tu la kaseti. e-Reader inakaa kwenye tundu hilohilo. Basi huwezi kuweka e-Reader na kaseti ya Mario kwa pamoja. Ilibidi uwe na mashine mbili: ya kwanza ina kaseti, ya pili ina e-Reader, na katikati yake waya wa kuunganishia. Unapitisha kadi kwenye mashine ya pili, hatua inasafiri kwenye waya, inaingia kwenye kaseti iliyo kwenye mashine ya kwanza, na inahifadhiwa humo.

Tafadhali shika neno hilo la mwisho, mama: inahifadhiwa. Hatua ikishaingia inabaki ndani ya kaseti. Ukichomoa waya, ukarudisha e-Reader kwa mwenyewe, ukapanda basi ukarudi Uyole, hatua bado imo. Kaseti moja inabeba hatua 32 kwa wakati mmoja. Ukitaka nyingine unafuta mojawapo. Kwa hiyo mwanao hahitaji kumiliki e-Reader. Anahitaji kukutana mara moja na mtu mwenye nayo.

Kuhusu kukipata kifaa chenyewe. Marekani kiliacha kuuzwa mwanzoni mwa 2004, miezi michache tu baada ya gemu hii kutoka huko Oktoba 2003. Japani kiliendelea mpaka 2008. Ulaya hakikuingia madukani kabisa. Madukani kwetu usikitafute, utachoka bure. Anayekitaka ananunua kilichotumika kwa mtandao au anamwagiza ndugu aliye nje, kama mdogo wako. Akikubali kutafuta, mpe orodha kamili, maana akisahau kimoja vingine vyote havina kazi: e-Reader ya Marekani, kadi za Marekani, Game Boy Advance au SP ya pili, na waya wa kuunganishia wa Game Boy Advance. Wa Game Boy Color usinunue, hautafaa kwa gemu hii. Wala asilete Nintendo DS ikae mahali pa mashine ya pili. DS inacheza kaseti hizi vizuri, lakini haina tundu la waya. Game Boy Micro nayo tundu lake ni la umbo jingine.

Neno "ya Marekani" nimelirudia kwa makusudi. Mteja wangu mmoja wa Mafinga alinunua kwa mtandao e-Reader na pakiti ya kadi, kwa muuzaji mmoja aliyemwapia kwamba vyote vinakwenda pamoja. Akaja dukani kwangu na mashine mbili na waya, kajiandaa kila kitu. Tulipitisha kadi ile mara kumi, mara ishirini. Nikasafisha kioo cha ndani. Nikabadilisha betri. Kila mara inagoma. Jioni ndipo nilipozigeuza kadi nikasoma maandishi madogo: kadi ni za Japani, kisomaji ni cha Marekani. Kisomaji cha nchi moja hakipokei kadi za nchi nyingine, hata ukizipitisha mwaka mzima. Kijana wa watu alikuwa ameweka akiba miezi mingi. Tangu siku hiyo simruhusu mtu anunue kabla sijaona picha ya kadi mbele na nyuma.

Na hapo kuna jambo la pili la kuumiza: Marekani zilitolewa sehemu tu ya kadi. Nyingi zilitoka Japani peke yake. Hata ukikusanya kila kadi ya Kimarekani iliyopo duniani, hufiki 38. Ukijumlisha mashine ya pili, kisomaji, kadi na usafiri, kwa bei ninazoziona fedha hiyo inaipita kwa mbali thamani ya SP aliyonayo mtoto. Kwa mkusanyaji wa vitu vya kale ni sawa. Kwa mama anayesomesha watoto wawili, ushauri wangu ni kwamba usiende huko.

(Kama kuna atakayekwambia kadi zinapigwa fotokopi stationari, kataa. Mashine ya kawaida inaziunganisha zile nukta zikawa doa. Kadi halisi iliyochubuka kidogo bado inasomeka, kwa sababu data imeandikwa kwa hesabu za kujirekebisha makosa. Lakini doa si mchubuko.)

Sasa turudi kwa kijana wa Mwanjelwa, maana sitaki nimhukumu mtu ambaye sijamsikia. Ipo njia moja halali ya kiufundi anayoweza kuwa nayo. Kuna vifaa vidogo vya USB vya kusomea kaseti. Unachomeka kaseti upande mmoja, kompyuta upande mwingine, na unaweza kunakili sevu ya mtoto, yaani kumbukumbu ya mahali alipofikia kwenye mchezo, kwenda kwenye kompyuta, au kuandika sevu nyingine kwenye kaseti. Kwa kuwa hatua za World-e zinakaa kwenye eneo lilelile la sevu, mtu mwenye kifaa hicho anaweza kuandika sevu ambayo tayari ina hatua ndani yake. Mashine ya pili haihitajiki, kadi hazihitajiki. Kama ndivyo anavyofanya, kazi yake ni ya kweli.

Nenda kamuulize. Muulize anatumia kifaa gani, na akuonyeshe kwa macho. Akisema ana "kodi", yaani ubonyeze juu, juu, chini, chini halafu steji zitokee, msalimie uondoke. Hakuna mabonyezo ya vitufe yanayoleta kitu ambacho hakimo. Akisema ataichukua kaseti aende nayo "kwa mtu" wiki nzima, usimwachie. Kaseti halisi ina soko, na inayorudi inaweza isiwe yako. Akikuonyesha kifaa cha USB, basi muulize swali la muhimu kuliko yote: je, atanakili kwanza sevu ya mtoto? Akiandika sevu mpya juu ya ile ya zamani bila kunakili, dunia zote 8 ambazo mwanao amezihangaikia zinafutika. Mtoto wa miaka 11 hasahau kitu kama hicho. Mimi nimewaona watoto wakilia mezani kwangu kwa sevu iliyopotea, na huna cha kuwaambia. Fundi mwema ananakili mara mbili, anaweka nakala moja kwenye flashi, anakukabidhi flashi hiyo mkononi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha kaseti yenyewe ni halisi. Hili naliweka hapa kwa sababu ya yule rafiki yake wa shuleni. Kaseti halisi ya Super Mario Advance 4 inahifadhi kwenye kumbukumbu ya aina ya flash, ambayo haihitaji betri. Inaweza kukaa kwenye droo miaka 20, ukaiwasha, ukakuta sevu ipo. Kaseti nyingi za bandia huwekwa kumbukumbu ya bei rahisi inayoshikiliwa na kibetri kidogo cha duara. Kibetri kikifa, kila ukizima unaanza upya. Ndicho ninachokiona kwa huyo rafiki. Kwa baadhi yake kubadilisha kibetri kunasaidia kwa muda, lakini hapo nisingemshauri mzazi wake atumie fedha nyingi. Na kwa mpango wetu wa hatua za ziada, kaseti bandia siiamini hata kidogo: ikishindwa kutunza hatua ya kwanza, itatunzaje 32?

Kuitambua huhitaji kufungua skrubu. Tazama lebo ya mbele, kwenye maandishi madogo. Kaseti ya Marekani inaandikwa AGB-AX4E-USA. Hiyo E ndiyo uitafute. Ikiwa P na neno EUR, ni ya Ulaya, na habari za e-Reader zimeishia hapo. Ikiwa namba ni ya gemu nyingine kabisa, au hakuna namba, tia shaka. Kisha igeuze kaseti chini-juu, uchungulie pale penye meno ya rangi ya dhahabu. Kwenye kaseti halisi mara nyingi utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi juu ya meno hayo. Meno yakiwa na uchafu, yafute kwa kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo, uache yakauke. Asipulize kwa mdomo. Watoto wote wanapuliza, nasi tulipuliza, lakini mate yanakaribisha kutu, na huko kwenu Uyole mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ile yenye ukungu, chuma hakikauki upesi.

Njia rahisi kuliko zote ipo, nayo haitumii SP. Super Mario Advance 4 ilirudishwa kwenye Wii U, mashine nyingine ya Nintendo, mwaka 2016 huko Marekani, na safari hiyo Nintendo waliweka hatua zote 38 ndani, bila kadi. Wii U nakutajia tu. Duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo kama mtu hakuinunua wakati ule, amechelewa. Lakini Februari 2023 gemu hiyohiyo iliingia kwenye Nintendo Switch, kwenye ile huduma ya kulipia ya Nintendo Switch Online yenye nyongeza ya Expansion Pack, na hatua 38 zote zimo. Sisemi ununue Switch. Ila vijana wenye Switch wapo, Mbeya wapo na Iringa wapo, na mmoja akiwa na huduma hiyo, mwanao anaweza kukaa naye Jumamosi moja akaziona hatua alizozisikia. Mashine hiyo inabidi iguse intaneti walau mara moja kila siku 7, la sivyo gemu hizo zinajifunga. Mwenye nayo akiwa anaishi kusiko na mtandao, ajue hilo mapema.

Mama, kuna kitu kimoja hukukiuliza moja kwa moja, ila nimekisikia ndani ya barua yako. Mtoto anadhani hajamaliza gemu. Mwambie amemaliza. Gemu hii asili yake ni Super Mario Bros. 3, iliyotoka Japani Oktoba 1988, na gemu ile ilikuwa na dunia 8 na ngome ya Bowser, adui mkuu, mwishoni. Akishamshusha Bowser na kumtoa binti mfalme, amefika mwisho uleule walioufika watu wazima wa leo. World-e ilijengwa pembeni miaka 15 baadaye, kama mtu anavyoongeza chumba cha wageni kwenye nyumba ambayo tayari inakaliwa. Muulize pia kama alitumia filimbi. Kuna filimbi 3 za uchawi zinazorusha dunia nzima, na watoto wengi wanaosema "nimemaliza zote" waliruka dunia ya 3 hadi ya 7. Kama aliruka, bado ana hatua nyingi za kucheza humohumo, bila kulipa senti, na nyingine ni bora kuliko baadhi ya hizo za kadi. Dunia ya 4, ya majitu, mimi naiweka juu ya karibu kila kitu kwenye World-e.

Na kama ana akili ya kuchorachora, kuna kitu ambacho ningempa kabla ya hatua yoyote ya Nintendo. Kwa kuwa hatua ni ukurasa mmoja wa maelekezo, wapenzi wa gemu hii waliuchunguza ukurasa huo mpaka wakaujua herufi kwa herufi, wakatengeneza programu ya bure inayofanya kazi kwenye kivinjari cha kompyuta. Inaitwa Smaghetti. Mtoto anapanga matofali, mabomba na maadui kwa mausi, na programu inatoa faili la sevu lenye hatua alizobuni. Faili hilo ndilo linaloandikwa kwenye kaseti kwa kile kifaa cha USB nilichokieleza. Yaani ramani ile tupu iliyomsumbua inaweza kujaa hatua zake mwenyewe, na rafiki zake wakazicheza kwenye SP hiyohiyo, chini ya mti. Nimewahi kumfanyia hivyo mtoto mmoja wa hapa Kihesa. Alianza kwa kuchora kwenye karatasi za daftari la hesabu, zile zenye vyumba, kila chumba tofali moja. Hatua yake ya kwanza ilikuwa haipitiki, shimo lilikuwa pana mno. Akapima tena Mario anaruka vyumba vingapi, akapunguza. Ya tatu niliicheza mwenyewe nikashindwa mara nne. Mimi naona elfu thelathini ikienda huko, na kazi ikifanyika mbele ya macho yenu, haijapotea.

Kwa hiyo Jumamosi ukitoka sokoni, anza na lebo. Ikisomeka AX4E na sevu haipotei, nendeni wote wawili Mwanjelwa na mtoto ashike kaseti mwenyewe. Akionyeshwa kifaa cha USB na nakala ya sevu ikakabidhiwa kwanza, kazi na ifanyike. Asipoonyeshwa, mpe mtoto daftari lenye vyumba aanze kuchora, na wakija likizo upande huu alete kaseti pamoja na daftari. Kifaa ninacho, na kunakili sevu simtozi mtoto.